Picha Iliyofunguka Nusu

Enzi zetu za mtaa wa Al Qusais, ughaibuni, enyi mliolelewa huko, picha haikufunguka yote kwa mpigo! Ilishuka mstari kwa mstari kwenye kompyuta ya mama, nasi watoto, mimi na kaka yangu Salim, tumebanana kiti kimoja, vidole vinanuka bajia, tunabahatisha kitakachotokea. "Kilemba!" "Wapi kilemba, hiyo ni dari!" Jamani, raha gani ile!

Picha zilitoka kwa mama mdogo Rukia, aliyeuza vitambaa vya madera Malindi. Alikwenda saibakafe kututumia picha ya kitambaa wateja wake walichokitaka, na mama akakinunua kwenye soko la Deira, huku kwetu. Lakini mtandao wa kwao ulikuwa wa kusuasua. Idi moja ilipokaribia, picha iligoma katikati, na mzigo wa ndege ulipaswa kufungwa alasiri ile ile.

"Yalla, mwaona nini?" mama aliuliza, buibui tayari mwilini.

"Kijani!" nikajibu, kwa kujiamini kama mwalimu mkuu.

Loh! Kijani kilikuwa ukuta wa duka. Kitambaa chenyewe, cha zambarau, kilikuwa chini, ambako picha haikufika. Mama mdogo alikaa Idi nzima na marobota ya kijani yasiyo na mteja, akasema huenda akafunga duka. Nililia hata biriani ikanishinda.

Mwaka uliofuata waya wa mtandao wa kasi ukafukiwa hadi mtaani kwake. Ijumaa moja mchana mama akabonyeza, na picha ikaja nzima, papo hapo! Mama mdogo anacheka, kitambaa mkononi, kila ua linaonekana. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akabisha mlango. Maagizo yakaanza kummiminikia kutoka Lamu hadi Voi. Akaajiri mafundi wawili, muuza vifungo wa pembeni akapanua kibanda, na mzigo wa kila mwezi ukawa wa kila wiki. "Mashallah," baba alisema, "waya mmoja umeamsha mtaa mzima!"

Siku hizi mdogo wetu wa mwisho, video ikisita kidogo tu, huguna kama aliyenyimwa chakula. Hajui alichokikosa.

Ijumaa ile niliruka juu ya kitanda kwa furaha, nikijua duka litapona. Kisha mimi na Salim tukarudi kwenye kiti chetu, tukabanana, tukasubiri picha ya pili ishuke. Ikaja nzima. Malindi walipata kazi, na sisi wawili tukapoteza yetu, ya kubahatisha.