Kiboksi Nilichowapigilia Wazee Ukutani

Nianze kwa kukubali: mkosaji ni mimi. Msilaumu boila, wala baridi ya Minnesota, wala shetani. Ni mimi, mwanaume mzima mwenye akili zangu, na nimenyamaza hadi kifua kinauma. Leo nasema. Jina langu msilitafute.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia jengo la jamii kwenye kimji kimoja kaskazini mwa Minneapolis. Ni jengo la umma. Asubuhi wazee huja kucheza bingo, ule mchezo wa kujaza kadi za namba, jioni kuna madarasa ya Kiingereza, wikendi ukumbi hukodishwa. Boila ya kupasha jengo joto, taa, milango, yote yalikuwa mikononi mwangu.

Kabla ya majira ya baridi, bosi wangu, Linda, alituita wasimamizi wote wa majengo ya mji. Bili za gesi na stima zimewalemea, akasema. Kila mmoja apunguze matumizi, na atakayepunguza zaidi atasifiwa mbele ya wenzake.

Jamani! Hapo ndipo nilipopotea. Mimi na kusifiwa ni kama nzi na maziwa.

Mwanzoni nilifanya mambo ya maana. Nikaziba nyufa za madirisha, nikabadilisha taa za zamani. Namba za bili zikashuka, Linda akaniita nyota wa timu. Nyota! Nikaonja, nikataka tena. Taa za choo nikazitega zizime haraka zenyewe zisipoona mtu akisogea, watu wakawa wanakaa humo gizani wakipunga mikono kama waongoza kwaya. Halafu nikashusha joto la ukumbi.

Watu wa huku hawajui kugomba. Bi Dorothy, kiongozi wa wazee wa bingo, alikuja ofisini kwangu akiwa amejifunga skafu mbili.

"Samahani, si kwamba tunalalamika," akasema. "Ila vidole vinashindwa kushika kadi."

Badala ya kupandisha joto, unajua nilifanya nini? Nilikuwa na kile kiboksi cha ukutani cha kurekebisha joto, kibovu, kilichong'olewa ghorofani zamani. Nikakitia betri kioo kiwake, nikakipigilia ukutani karibu na meza zao. Nyuma yake hakuna waya hata mmoja! "Sasa mtajirekebishia wenyewe," nikawaambia.

Bi Dorothy akabonyeza, namba ikapanda. Mzee mmoja akavua hata kofia. "Afadhali!" wakasema. Nikarudi ofisini nikacheka peke yangu hadi machozi. Mungu anisamehe.

Basi ikafika zamu yangu. Mchumba wangu, Nyambura, ni nesi, anakaa mji wa Crystal, si mbali. Mamake alikuwa amefika kutoka Kenya, mara yake ya kwanza kuonja Januari ya huku, na tukapanga familia zikutane Jumamosi kuzungumza mahari. Linda akanipa ukumbi bure, asante ya kazi nzuri.

Sasa, wikendi kukiwa hakuna shughuli, mitambo hushusha joto hadi kile kiasi cha kuzuia mabomba yasigande tu. Ningeiandika shughuli yetu kwenye kompyuta, ukumbi ungeanza kupashwa joto tangu alfajiri. Sikuandika. Aki sikuandika! Mwezi ulikuwa unaisha na niliogopa kuchafua namba zangu. Nikajiambia: watu watajaa, kuna chakula cha moto, kuna kuimba, watapata joto wenyewe.

Wah! Watu waliingia, wakavua makoti, wakayavaa tena kabla hawajakaa. Mchungaji alipoomba, mvuke ulimtoka mdomoni kama sufuria ya chai. Mafuta ya mbuzi yaliganda kwenye sahani tukiyaangalia. Chapati zikakauka ukadhani ni vigae. Mama mkwe alifunikwa blanketi la mtoto lililotolewa kwenye gari la mtu, ikabaki pua tu.

Nikajificha jikoni, nikapandisha joto kwa simu. Lakini ukumbi ule una dari refu. Ukishapoa hivyo, unataka nusu siku kurudi.

Nilipotoka, nikamkuta mjomba wa Nyambura, Uncle Kamau, dereva wa lori, amesimama mbele ya kile kiboksi.

"Nimeongeza!" akatangaza. "Sasa itashika."

Watu wakapiga makofi.

Baadaye akaongeza tena. "Hii namba imefika themanini ya Fahrenheit na meno yangu bado yanagongana. Wewe si ndiye fundi wa hapa? Kuja uangalie."

"Wacha tu, Uncle, itashika polepole."

Uongo, mbele ya wakwe! Kamau si mtu wa kungoja. Alikishika kwa mikono miwili akivute kidogo, achungulie ndani. Kikatoka chote. Akakigeuza, akaangalia ukuta, akakigeuza tena.

"Hii kitu haina waya."

Nyambura akanitazama tu usoni. "Sema," akaniambia.

Nikasema yote, nimesimama katikati ya pande zote mbili: wazee, bingo, namba, sifa. Uncle Kamau akaanza kucheka, akameza kicheko alipoona dadake hacheki.

Mama mkwe akatoa mdomo nje ya blanketi. "Kwa hivyo hao wazee bado wanakibonyeza?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unawaangalia?"

"Nawaangalia, mama."

"Tutazungumza siku nyingine." Akainuka, na wote wakainuka. Walienda kumalizia chakula kwa Nyambura. Mimi nikabaki kukunja viti na kuosha sufuria, na nilipozima taa ya mwisho, ukumbi ulikuwa na joto tamu ajabu!

Nyambura alinipa sharti: nikawaambie wale wazee mwenyewe. Jumatatu nikaenda. Bi Dorothy hakunigombeza. Akasema tu, "Mimi nilimwambia daktari kwamba nasikia baridi hata hita ikiwa juu. Wamenitoa damu wapime. Nilidhani ni mwili wangu unaisha."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Vua jaketi," akasema. Akanipisha kiti chake karibu na mlango, nikakaa pale mchezo mzima, kwenye baridi ile ile niliyowapikia. Kadi yangu ilijaa kabla ya wengine. Meno yaligongana hadi nikashindwa kutamka "bingo", neno la kudai ushindi, zawadi ikachukuliwa na mzee mwingine. Hakuna aliyenihurumia.

Ofisini kwa Linda nilijipeleka mwenyewe. Amenivua usimamizi. Sasa nashika koleo, nazoa theluji na kumwaga chumvi kwenye ngazi, na joto analigusa mwenzangu. Majibu ya damu ya Bi Dorothy yalikuwa mazuri, asante Mungu. Mama mkwe alirudi Kenya mahari haijatajwa. Nyambura anapokea simu zangu, lakini nikiuliza tarehe ya kikao kingine cha mahari ananiambia amechoka, ametoka kazini.

Wenzangu mnaosimamia mashule, maktaba na kumbi huku kwenye baridi, punguzeni bili, ni kazi yetu. Zibeni nyufa, zimeni taa za vyumba vitupu. Lakini mtu akikwambia anasikia baridi, usimpe kitu cha kubonyeza. Nenda ukae anapokaa yeye, bila koti, ndipo uamue. Mimi nimefanya hivyo nikiwa nimechelewa, na kikohozi hadi leo ninacho.