Maembe ya Achari na Baridi ya Aprili

Mama alikuja kukaa nasi huku ughaibuni, Malvern, mwezi wa Novemba, na kwa miezi mitano hakuwa na kazi. Kule Tanga harusi ya ukoo wetu haikufanyika bila achari yake. Huku alikuwa akikunja upya nguo nilizokwisha kukunja. Basi binti yangu alipochumbiwa, harusi ikapangwa katikati ya Mei, Mama hakuuliza bwana harusi anafanya kazi gani. Aliuliza maembe mabichi yanauzwa wapi.

Achari yake ina sharti moja. Vipande vya embe vikishatiwa chumvi na bizari lazima vianikwe juani mpaka vikauke na kujikunja. Hapo ndipo huingia mafuta, siki na pilipili, na vikae chupani wiki tatu kabla ya kuliwa. Tulihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya harusi. Ama tuanike wiki ile ile ya Aprili, ama wageni wale achari ya dukani. Mama alilitamka neno “dukani” kama mtu anayetaja ugonjwa.

Alhamisi jua liliwaka, nyuzi ishirini na mbili. Watu mtaani walitoka na kaptula kama waliofunguliwa jela. Mama alisimama kwenye mlango wa roshani yetu, ghorofa ya nane, sinia la vipande vya embe mkononi.

“Hili jua ni la kweli, baba, au linapita tu?”

Nilisoma jiografia chuo kikuu, mihula miwili, na tangu hapo najiona nina hisa katika mawingu. Nilimwambia baridi ya huku ikishaondoka imeondoka. Hata matairi ya gari ya kuhimili theluji nilikuwa nimeshayavua.

“Na simu yako inasemaje?”

“Inasema mvua kesho. Simu huwa na woga.”

Akaanika masinia sita.

Ijumaa ilianza na upepo wa kusini na joto la kunata, ambalo mtu wa Tanga hulijua na kulishuku. Nilikuwa kazini. Saa nane mchana upande wa kaskazini-magharibi ulijitokeza mstari wa mawingu meusi, umenyooka kama uliopigwa rula. Hewa baridi ni nzito. Inapokuja hujipenyeza chini ya hewa ya joto na kuirusha juu, na hapo ndipo hupatikana radi na mvua. Hayo nilikuwa nayajua vizuri. Nilikuwa nayajua hata Alhamisi. Nikapiga simu nyumbani.

“Mama, ingiza maembe.”

“Yameshaingia. Mawili tu hayakuwahi.”

“Vipande viwili?”

“Masinia mawili. Upepo umeyapindua; maembe mengine yako kwa jirani wa chini, mengine sijui.”

Kufikia magharibi joto lilikuwa limeshuka hadi nyuzi nne. Jumamosi ilinyesha kutwa, kisha mvua ikageuka theluji ya majimaji iliyoshika kwenye magari. Nilikwenda kununua mkate kwa miguu, kwa sababu ya yale matairi niliyoyavua. Masinia manne yalikuwa yametanda juu ya meza, nasi tukala tumesimama. Nilipendekeza tutumie jiko la oveni. Mama aliniuliza kama nataka achari au nataka chipsi. Binti yangu alisema, kwa Kiingereza, kwamba kwa kweli hakuna mgeni atakayejali achari imetoka wapi.

“Mwambie nimesikia,” Mama akaniambia, ingawa msichana alikuwa amekaa mbele yake.

Jumapili mawingu hayakusogea na upepo wenye unyevu ulitoka kwenye ziwa lililo karibu nasi. Vipande vilikuwa vimeanza kutoa maji. Sinia moja lilikuwa na ukungu mweupe pembeni, na Mama akalimwaga. Nilimpa pole. Aliniuliza pole ya nini, mimi si ndiye ninayeyajua mawingu?

Jumatatu niliamka nikakuta mbingu ni bluu tupu, upepo unatoka kaskazini-magharibi, nyuzi mbili. Mama alikuwa amevaa koti langu la baridi juu ya dera, anatoa masinia nje na kuyafunika kwa kitambaa chepesi alichokibana kwa vibanio vya nguo.

“Mama, ni nyuzi mbili. Hapo hakikauki kitu.”

“Midomo yangu imepasuka tangu Novemba,” alisema. “Mikono imekuwa magamba. Baridi hii inanikausha mimi niliyejipaka mafuta, tena niko ndani. Itashindwa na embe?”

Hewa inayofuata baada ya dhoruba kama ile hutoka mbali sana kaskazini, na haina unyevu wowote wa kujivunia. Hilo lilikuwamo kwenye mtihani. Nadhani ndilo swali nililoliruka.

Kila jioni aliyaingiza masinia yasigande, kila asubuhi akayatoa. Mimi nilipewa kazi ya kugeuza vipande, kimoja kimoja, vidole vikifa ganzi, huku yeye akinitazama kupitia kioo. Jumanne aling’ata kimoja akasema bado. Jumatano alasiri aling’ata kingine, akatafuna muda mrefu.

“Haya,” alisema.

Masinia matatu kati ya sita yalitoa chupa tisa. Aliamua sita ziende meza za upande wa bwana harusi, mbili kwa wageni wa mbali, na moja sisi tugawane. Mimi nitafikiriwa, kama kitabaki kitu. Kisha akamwita binti yangu.

“Mpigie mama mkwe wako Unionville. Mwambie asinunue achari.”

Binti yangu alijibu kwa Kiingereza kwamba atampigia baadaye. Bibi yake alibaki amesimama pale, mikono ina bizari, mpaka simu ikapigwa.