Mabomba Yasiyolia

Boila la kiwanda chetu cha magome ya miwati, yanayotoa dawa ya kusindika ngozi, pale Makambako, lilitolewa kwenye meli kuukuu ya Ziwa Nyasa. Nililihudumia huko kabla halijapandishwa milimani. Tumboni mwake mlikuwa na mabomba ya aina mbili. Yote yalipitisha moshi wa moto katikati ya maji, na membamba hayakuwa na kazi nyingine. Manene, yaliyotiwa hesi ncha zote mbili, yalishikilia pia bamba la mbele na la nyuma, mvuke usije ukayarusha mabamba hayo.

Mlamu wangu, mume wa dada, niliyehudumia boila pamoja naye, alitoka upande wa Liganga, ukoo wa wafua majembe. Kwao chuma hupimwa kwa sikio: kinacholia ni kizima, kinachonuna kimekufa. Nilipotumwa Njombe kuleta magome, aliingia bomani mwa boila na nyundo akagonga bomba moja moja. Membamba yaliimba. Manene yalinuna. Akayakata, akaweka membamba mapya mahali pake.

Niliporudi nilijikwaa kwenye yale manene, yamelala nyasini kama mifupa iliyong'olewa. Tanuri lilikuwa linanguruma, naye amesimama mbele yake, koleo mkononi.

Nikamsihi auvute moto nje, nikamweleza kazi ya yale mabomba. Akacheka mbele ya wapasua kuni, akasema mimi nilifundishwa chuma na samaki.

"Sauti ya chuma haidanganyi, mlamu," akasema. "Baba yangu hakunidanganya."

Bamba likaguna. Dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza, na mtu wake alikuwa amesimama pale pale. Nikampiga usoni. Akanirudishia kwa koleo. Jino likaning'oka, damu ikanijaa kinywani, ina ladha ya kutu. Nikamkamata mkono nikauzungusha mpaka mfupa ukalia, nikamburuta, ananitukana kwa Kipangwa, hadi nyuma ya lundo la magome. Wenzetu walitukimbia, wakidhani tumerukwa na akili.

Boila likapasuka. Bamba likapita pale alipokuwa amesimama, likakata nguzo ya banda kama bua la mahindi. Mvuke ukapiga yowe, makaa yakanyesha juu ya paa.

Dada alikuja mbio kutoka Mahongole. Akauona uso wa mumewe, na mkono unaning'inia. Akauliza nani kamfanya hivyo, na jiwe alikuwa ameshaliokota.

Mlamu akaitazama nguzo iliyokatwa, kisha akanitazama mimi.

"Kaka yako," akasema. "Tupa hilo jiwe, nenda kampikie."