Theluji Niliyoiandika Mwenyewe

Viatu vilivyolowa, soksi za sufu zilizojaa jasho, moshi wa kuni na nta: hivyo ndivyo Jumatatu zilivyonukia katika majira yetu ya kwanza ya baridi Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nje, katikati ya jiji, watu walitembea na fulana, maana baridi ya Durban haimtishi mtu aliyezaliwa Bukavu, kwetu Kongo. Ndani ya duka la Anti Sheila mambo yalikuwa mengine kabisa. Watu waliingia wamebabuka pua, wakaweka juu ya meza makoti mazito kama magodoro, glavu za kumtosha jitu, na zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Nilikuwa na miaka kumi, sijawahi kuona theluji hata ya kijiko, lakini niliipenda ile harufu kuliko ya mkate. Anti Sheila alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapo hapo Durban, na kila mtu alimwita Anti, hata vikongwe. Wakati wa joto alikodisha mahema na majiko ya kambi. Baridi ikiingia, alikodisha vitu vya theluji kwa watu walioendesha gari siku nzima hadi milimani, karibu na mpaka wa Lesotho, kulikokuwa na hoteli moja na mteremko mmoja wa kutelezea. Mama yangu alikaa nyuma ya duka na cherehani yake, akibadilisha zipu na kuziba suruali zilizochanwa na mawe. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwake, kwa sababu kile chumba chetu cha mtaa wa Point kilikuwa kidogo na bila mama ndani yake hakikuwa na maana.

Baba hakuwa nasi. Baba alikuwa huko huko kwenye theluji. Bukavu alikuwa mwalimu wa hesabu. Durban hakuna aliyekuwa na haja ya hesabu zake, basi Anti Sheila alimwombea kazi kwa meneja wa ile hoteli, na tangu mwezi wa tano alikuwa mlimani, akihudumia mashine za kurusha maji yakaganda na kuwa theluji, na mchana akisimamia kamba ya kuwavuta wageni hadi juu. Meneja alimwambia wazi: wageni wakiendelea kuja hadi mwisho wa mwezi wa nane, atapewa kazi ya mwaka mzima na nyumba ya vyumba viwili ya kuishi na familia. Wageni wakipungua kabla ya hapo, mashine zitazimwa na vibarua wote wa msimu watateremka. Mama aliyarudia maneno hayo mara nyingi hadi nikayakariri kama sala. Nilimkosa baba vibaya sana. Nilikosa hata ukali wake juu ya jedwali la kuzidisha, jambo ambalo sikuwahi kufikiri mtu anaweza kulikosa.

Enzi zile hapakuwa na simu ya kukuonyesha mlima. Mtu akitaka kujua kama theluji inafaa, aliwauliza waliotoka huko, na waliotoka huko walikuwa wamekaa kwenye benchi la Anti Sheila, wakivua viatu na kubishana. Mmoja alisema mteremko uligeuka kioo kitupu. Mwenzake aliyeteleza saa ile ile, mahali pale pale, aliapa kwamba hajawahi kupata theluji laini kama ile. Nilichunguza jambo hili wiki nyingi na nikapata jibu: aliyeanguka alilaumu theluji, asiyeanguka alijisifu mwenyewe. Ili kupunguza kelele, Anti aliweka daftari kubwa la jalada jekundu juu ya meza, na kila aliyerudi aliandika humo alivyokuta hali. Wanaokwenda walilisoma Alhamisi na Ijumaa kabla ya kukodi chochote. Nami nililisoma kila siku, kisha nikaenda nyuma kumtafsiria mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado cha salamu na bei.

"Bazungu banasema nini leo?" aliuliza bila kuinua macho kwenye sindano.

"Banasema iko muzuri asubuhi, mama. Mchana inakuwa sawa uji."

"Na batu? Batu balikuwa bengi?"

Hilo ndilo lililomhusu, watu. Nikisema wengi, cherehani iliendelea kwa mwendo mzuri. Nikisema wachache, alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

Mwezi wa saba ulipofika katikati, ukaja upepo wa moto kutoka bara. Durban tulitoa jasho kama mwezi wa kumi na mbili, na mlimani theluji ikayeyuka mchana kutwa. Daftari likageuka kitabu cha malalamiko. Nyasi zinaonekana. Nimepiga jiwe, mbao zimeharibika. Msiende, bakini nyumbani. Mama mmoja alichora hata ng'ombe amesimama katikati ya mteremko anakula, na kila aliyesoma alicheka, isipokuwa mimi. Alhamisi hiyo baba alipiga simu dukani, kama meneja alivyomruhusu kila wiki, na akamwambia mama kwamba wikiendi ikipita bila wageni, watafunga mwisho wa mwezi. Mama alisema "bon," akasema "sawa," akaweka simu chini taratibu. Kisha akaenda kuosha uso kwenye karo ya nyuma, na maji yalifunguliwa muda mrefu kuliko uso wowote unavyohitaji.

Siku iliyofuata, Anti alipotoka kwenda benki na mama akiwa ameinama juu ya koti, nilichukua kalamu. Nilibandika kurasa mbili za malalamiko kwa gundi ya viatu ili zisifunguke, na kwenye ukurasa mpya nikaandika kwa Kiingereza changu bora, kwa mwandiko wa kulala kama wa watu wazima. Niliandika kwamba theluji mpya nyingi imeanguka, kwamba kila mahali ni peupe, kwamba watu waende haraka. Halafu, kwa kuwa niliona habari yangu inapungukiwa na ladha, nikaongeza kwamba theluji ilianguka kwa kishindo kikubwa hadi hatukuweza kulala. Nilijivunia sana sentensi hiyo. Kitu pekee nilichowahi kukiona kikianguka kutoka mbinguni kikiwa cheupe ni mvua ya mawe juu ya mabati ya nyumba yetu ya Bukavu, nayo ilipiga kelele hadi mbwa wakajificha chini ya vitanda. Theluji, niliwaza, ni mambo hayo hayo ila makubwa zaidi.

Mzee Koos alikuja saa tisa. Alikuwa Mzungu mstaafu, mpole, mwenye masikio makubwa, aliyemwahidi mjukuu wake wa miaka saba kumfundisha kuteleza mwaka huo. Alisoma mistari miwili ya kwanza, akapiga meza kwa furaha, akaita kila mtu dukani asikilize. Hata mstari wa tatu hakuufikia. Wenye magari mengine mawili walikodi vitu pale pale kwa sababu yake. Yule mjukuu, aliyekuwa amekuja naye, alijaribu kofia tatu mbele ya kioo na kuniuliza ipi inampendeza. Nilimwambia ya bluu. Nilimwangalia akitoka nayo kichwani.

Jumatatu mzee Koos alirudi na suruali iliyochanika kutoka goti hadi kiunoni. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema walikuta theluji ya tope, upana wake kama njia ya mbuzi, mtoto alianguka kwenye mawe mara ya kwanza tu na sasa hataki kusikia habari ya theluji maishani mwake. Anti alivuta daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti hadi mwisho. Alipofika kwenye kishindo alirudi nyuma, akasoma tena.

"Kishindo?" aliuliza. "Nani amewahi kusikia theluji?"

Mzee Koos aliinama kusoma mwenyewe. "Theluji haina sauti," alisema polepole. "Unaamka na ipo tu." Benchi zima likaanza kucheka, na wakati wanacheka Anti aliweka kidole juu ya tarehe, kwenye namba saba yenye mstari katikati, kama tunavyofundishwa sisi kwetu, akageuza kichwa kunitazama.

Nilisema ni mimi. Sikujua kwamba nitalia hadi nilipokuwa nimeshaanza. Nilieleza kila kitu, baba, meneja, nyumba ya vyumba viwili, kwa Kiingereza kilichokatikakatika, mbele ya watu wazima saba waliovaa soksi. Mama alitoka nyuma na tepu ya kupimia shingoni, akataka aambiwe kwa lugha anayoielewa.

"Uliandika uongo mu kitabu ya batu?" aliniuliza. "Mutoto ya mwenzako aanguke, juu weye umuone baba yako?"

Hakunipiga. Aliichukua suruali ya mzee Koos mkononi mwake, akaniketisha kwenye cherehani na kunifanya niishone mimi, mshono baada ya mshono, hadi jioni, akifumua kila nilipokosea. Anti naye aliinua simu akampigia meneja, akaomba kuzungumza na baba, kisha akanikabidhi mkono wa simu. Hiyo ndiyo adhabu niliyoiogopa kuliko zote.

Baba alisikiliza hadi mwisho. "Yule muzee wa masikio," alisema hatimaye. "Mimi njo nilimuvuta na kamba. Mutoto alikuwa na kofia ya bleu. Nilijiuliza, nani ametuma hawa batu huku?" Nilingoja anigombeze. Badala yake sauti yake iligeuka ile ya darasani. "Bon. Alhamisi nitapiga simu. Shika kalamu na rula, utaandika kile nitakuambia, na hakuna kuongeza hata neno moja. Vraiment, kweli kabisa, hata moja."

Alhamisi alipiga. Alikuwa amepanda mteremko alfajiri akachomeka fimbo ya mita mahali kumi, na akanisomea kina cha theluji mahali kwa mahali, kama anayeita majina darasani. Juu, sentimita thelathini. Katikati, kumi na nane. Chini karibu na mti mkavu, nne, na jiwe upande wa kushoto, amelifunga kitambaa chekundu. Asubuhi hadi saa tano theluji ni ngumu na nzuri. Saa sita inakuwa uji, kunyweni chai. Wanaojifunza wabaki katikati, wasiende chini kabisa. Niliandika yote, nikachora mteremko na kuweka namba zake mahali pake. Anti alibandika karatasi ile dirishani. Wateja walisimama mbele yake wakiwa wamekunja mikono, wakibishana mambo mapya sasa: watoke nyumbani saa ngapi, wamweke wapi mtoto. Hakuna aliyekuwa amewaahidi theluji nzuri. Waliambiwa tu ilivyo, na ajabu ni kwamba walikodi.

Mzee Koos hakukodi wiki hiyo. Alisoma karatasi, akanitazama, akaondoka. Wiki iliyofuata baridi ilirudi, namba za baba zikapanda, naye akaja akiwa ameshika mkono wa mjukuu, akachukua kofia ile ile ya bluu. Jumatatu aliandika kwenye daftari mstari mmoja, kwamba alipima mwenyewe karibu na mti mkavu kwa kidole chake na ilikuwa kama ilivyosemwa. Baada ya hapo watu walianza kupiga simu dukani kutoka miji mingine, kuuliza vipimo vya mwalimu, kama walivyomwita baba. Mashine hazikuzimwa mwisho wa mwezi wa saba, na mwezi wa nane nao ulikwisha zikiendelea kunguruma na maegesho ya hoteli yakiwa na magari. Siku ya mwisho ya mwezi mama aliniuliza, kama kawaida yake, watu walikuwa wengi? Nikasema ndiyo, mama, bengi. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, na safari hii alikuwa anacheka.

Tulipanda mlima mwezi wa tisa na cherehani nyuma ya gari la Anti. Theluji yenyewe ilikuwa imebaki vipande vichafu kwenye kivuli, na hatukuitazama. Baba alikuwa mlangoni pa nyumba yenye ukuta wa mawe, amekonda, midomo imepasuka kwa baridi, na nilimkimbilia hadi nikamwangusha.

Siku hizi kuna kamera juu ya nguzo, na mtu akiwa Durban na kikombe chake cha chai anauona mteremko mzima kwenye simu. Chini ya picha wageni wanaandika maoni yao na kugawa nyota. Ninayasoma kila majira ya baridi, kwa mazoea, na ninaona sifa ni nyingi na vipimo ni vichache, ingawa siwezi kumcheka mtu. Baba amestaafu, anaishi kwangu, naye akisoma juu ya bega langu husema tu, "sentimita ngapi?" kisha anaenda zake. Mara nyingine nawaza ingekuwaje kama wikiendi ile theluji ya kweli ingeanguka na kufunika kosa langu. Mzee Koos angerudi akimshukuru mwandishi asiyemjua, nami ningekua nikiamini kwamba nilimwokoa baba yangu kwa kalamu. Upepo wa moto ungerudi, nami ningewadanganya watu tena, na baba angeteremka mwisho wa mwezi pamoja na vibarua wenzake. Ile nyumba ya vyumba viwili tuliipata kwa sababu nilikamatwa.