Feni Mbili Zenye Mbio

Kwa fundi wa kompyuta pale Ukunda, niliwahi kuingilia maneno yasiyonihusu. Binti mmoja wa Mwabungo alikuwa akichagua feni ya kompyuta yake iliyokuwa ikipata moto na kuzimika. Nyumbani babake, baharia mstaafu, alikuwa akimsimulia safari zake, naye akizipiga chapa kwenye mashine hiyo.

"Nataka isiyo na kelele," binti alisema. "Sauti ya baba imekuwa ndogo."

Fundi, mtu wa bara, alimwonyesha feni moja pana. "Chukua hii, madam. Inazunguka pole pole, hata huisikii."

Mimi niliyewahi kukaa Dubai nikakohoa. "Mwanangu, chukua mbili ndogo zenye mbio. Joto la hapa halina mchezo."

Binti alikuwa ameshaniamkia shikamoo, nami nimeitika marahaba kwa madaha; baada ya hapo angenikataliaje? Alizichukua zile mbili.

Juzi nilikutana naye sokoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mashine yaendeleaje?"

"Haipati moto tena, alhamdulillahi. Ila inavuma kama kinu cha kusaga mahindi. Baba alijaribu kupaza sauti siku mbili, akachoka. Akasema tungoje nipate feni nyingine." Aliuweka sawa mkoba wake begani. "Mwezi uliopita akafariki. Hadithi ya safari zake tuliiachia Aden."

Hakunilaumu hata kidogo.

Aden nimefika mara mbili, na nikitajiwa huwa sinyamazi. Siku hiyo nilinyamaza. Kumbe naweza.