Kinyozi wa Uwanja Aliyeacha Majani Yaote

Umande bado umelala kwenye majani na Kinyozi amekwisha kulowa hadi magotini. Anapeleka fyekeo kulia, analirudisha kushoto, anapangusa jasho kwa kofia, anaendelea. Wanaowahi kazini wanampigia kelele za salamu naye anaitikia bila kuinua kichwa.

Hajawahi kunyoa mtu. Jina hilo alipewa na majirani kwa jinsi anavyoukata uwanja wa wazi ulio katikati ya nyumba zao. Kila nyumba huchanga kidogo kumlipa. "Si hela ya kutajirika," anasema baba huyu wa watoto wanne, "lakini imesomesha."

Unadhifu huo nusura uwaponze wote.

Mwaka jana tajiri mmoja aliiomba halmashauri immilikishe uwanja huo, pamoja na bonde la chemchemi lililo chini yake, ajenge maghala. Hoja yake ilikuwa moja: eneo lilitelekezwa, na yeye ndiye aliyekuwa akilitunza. Ushahidi? Picha za majani yaliyokatwa vizuri.

"Mwenyekiti wetu aliponieleza, damu ilinichemka," anasema Kinyozi. "Jasho langu! Mimi nipike, mwenzangu apakue? Nikamwambia, mama, basi sifyeki tena."

Mwenyekiti wa wakazi, mkunga mstaafu mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alidhani mzee amesusa. "Kumbe ana lake! Wajumbe wa halmashauri walikuwa waje kukagua baada ya mvua. Tukakubaliana tufunge midomo, maana siri ya wengi si siri."

Mvua ikanyesha, majani yakapanda. Wachezaji wakapoteza mpira wakiwa wanauona unakoangukia. Majirani, wasiojua lolote, wakaacha kuchanga. Kwa miezi mitatu Kinyozi hakupata hata senti, ila maneno aliyapata ya kutosha.

"Waliniita mvivu mbele ya mke wangu," anasema, na hapo sauti inashuka. "Hilo liliniuma sana."

Mkewe, fundi cherehani, anacheka. "Mikono ilikuwa inamuwasha huyu! Fyekeo nikalificha mvunguni. Nikamwambia, baba, ukiligusa tu umetuuza."

Siku ya ukaguzi, wakili wa tajiri, aliyetegemea zile picha za zamani tu, alisimama barabarani akawasomea wajumbe kwamba mteja wake hufyeka kila wiki. Kisha wakakunja kona ya ukuta unaouficha uwanja. Majani yaliwafika kifuani.

"Kila wiki ya mwaka gani?" akauliza mjumbe mmoja.

Wakazi wakaangua kicheko. Mwenyekiti akamwita Kinyozi, naye akaja na fyekeo begani, akawafungulia wajumbe njia mpaka kwenye chemchemi. Waliomtukana ndio waliopiga vigelegele zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu haikufika hata katikati ya uwanja.

Maombi yalitupiliwa mbali. Uwanja na bonde viliandikishwa kuwa mali ya umma, visiuzwe wala visijengwe. Majirani walikuja mmoja mmoja kuomba radhi, na wenye haya walituma wake zao.

Hata hivyo, Kinyozi hafyeki kama zamani. Majani yalipoachwa, bonde lilishika maji ya mvua na nyumba za chini hazikufurika. Ndege nao wakaja kutaga. "Nilikuwa nakata mpaka pasipotakiwa," anasema. "Bonde sasa silitii fyekeo."

Na kama atatokea mwingine wa kudai kwamba bonde hilo limetelekezwa?

Swali hilo amekwisha kulifikiria. Mvua zijazo anataka kutandika njia ya mawe kulizunguka bonde lote, na mabenchi ya kukalia, ili watu waje asubuhi na jioni.

"Nataka pasikauke watu," anasema. "Atakayekuja kusema hapa hapana mwenyewe, aanze kwa kuwaambia wao."