Kibodi Iliyoamka Bila Jina

Tak Gyeong-im alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliishika tangu alipoajiriwa akiwa msichana mwenye diploma mpya: usiseme kazi imekwisha mpaka uione mashine yenyewe ikiamka mbele ya macho yako. Kukisia hakutoshi, wala haitoshi kwamba jana iliamka. Aliivunja mara moja tu, mchana kweupe, akiwa na akili timamu, hajalewa wala hajatishwa. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa mji wetu wa Daejeon wanaomfahamu hupenda kumtetea kwamba mazingira yalimbana. Mazingira hayakuwa na mdomo. Yeye alikuwa nao.

Kampuni yao ilikuwa ndogo, ghorofa moja juu ya duka la tambi, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani. Walitengeneza kihariri, yaani programu ya kuandikia maandishi, kwa ajili ya makarani wa hatimkato. Karani wa hatimkato haandiki herufi moja moja kama wewe na mimi. Kibodi yake ina vitufe vichache, naye huvibonyeza vingi kwa pamoja, kama mpiga kinanda. Pigo moja likatoa neno zima, pengine sentensi nzima. Na kila karani hujijengea kamusi yake ya vifupisho mwaka hadi mwaka. Pigo hili ni "mheshimiwa jaji, upande wa utetezi hauna pingamizi." Lile ni "sikumbuki." Bila kamusi hiyo hakuna mikono inayoweza kuufuata mdomo wa wakili.

Ma Sun-deok alikuwa mmoja wa makarani hao. Hakuajiriwa na mtu. Aliitwa penye kikao, akabeba kibodi yake ya zamani mkobani na kwenda. Programu ilipokuwa changa, yeye ndiye aliyepanda ngazi kila wiki kuja kulalamika, na kila malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Akija alileta na matunda ya persimoni. Gyeong-im alimwita dada, na si kwa adabu ya mdomoni tu. Kompyuta ya Sun-deok ilipozeeka ikawa inakokota, Gyeong-im ndiye aliyemwekea mfumo wa Linux, ambao ni mwepesi.

"Sasa huna haja ya kununua nyingine, dada."

"Na ikiharibika nimlilie nani?"

"Unililie mimi. Niko wapi siku zote?"

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwa sababu kazi ilikuwa njema, na si haki kuisingizia.

Ndani ya kihariri, maagizo ya kuamsha kibodi yalikaa kwenye kiini, sehemu inayotumika katika kompyuta za kila aina. Kila mfumo mpya ulipoongezwa, mtu alichomeka maagizo yake palepale: kama hii ni Windows fanya hivi, kama ni Mac fanya vile, kama ni Linux ngoja kwanza. Ukitibu jicho la mmoja, unamtia upofu mwingine. Gyeong-im alikuja na shauri kwamba yote yaondolewe pale. Kiini kiseme neno moja tu, "amsha kibodi," na kila mfumo uwe na faili lake la namna ya kuamsha. Kila chombo kiamshwe na watu wa nyumbani kwake. Kiongozi wa timu, Namgung Hwi, alilipenda shauri hilo akalipeleka juu kwa jina lake mwenyewe. Gyeong-im hakulalamika. Kwetu ni kawaida, na si kawaida nzuri.

Namgung Hwi alikuwa kijana kuliko yeye, tena kwa mbali. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mgeni angelikosea. Kwetu umri una kiti chake. Mtu mzima akiwa chini ya kijana ofisini, watu wote humkodolea macho waone kama atatumia mvi zake kumkalia bosi kichwani. Gyeong-im aliapa kwamba hilo hataambiwa. Kwa hiyo alimwinamia Namgung kuliko walivyomwinamia vijana wenyewe. Alipotaniwa na Bang Chae-rim, mwenzake wa meza ya jirani, "Bosi alipozaliwa wewe ulikuwa umeshachakaza kibodi ngapi, Bi. Tak?" alimkata: "Koma. Bosi ni bosi."

Kazi ya kuhamisha maagizo ilikwenda vizuri. Windows, alijaribu kwa kibodi, ikaamka. Mac vilevile. Ilibaki Linux. Kibodi ya majaribio ya aina ya zamani, kama ile ya Sun-deok, ilikuwa imepelekwa Seoul kwenye maonyesho, na sikukuu ya mavuno ilikuwa mlangoni. Namgung alikwisha kuwaahidi watu wa mahakama kwamba toleo jipya litatoka kabla ya sikukuu.

Siku ya kikao cha kulipitisha toleo hilo walikuja wageni wawili kutoka mahakamani, na mwenye kampuni, Bw. Seonu, alikaa mwisho wa meza akikoroga kahawa. Namgung alisimama.

"Windows?"

"Imeamka," alijibu Gyeong-im.

"Mac?"

"Imeamka."

"Linux." Namgung alitabasamu kwa wageni. "Hiyo nayo tunaiweka kama makumbusho. Haina mtu. Au inaye, Bi. Tak?"

Wageni walicheka. Bw. Seonu naye alicheka, kwa kuwa wageni wamecheka.

Gyeong-im alijua kwamba inaye mtu. Alimjua kwa jina, kwa mlango wa nyumba yake, kwa sauti ya kikohozi chake. Alifungua mdomo amtaje. Akaona wale vijana wa timu wamemtazama, wanangoja kuona kama bibi atamwumbua bosi mbele ya wageni.

"Haina," alisema. "Kazi yote imekwisha, bosi."

Mchana walishuka kula tambi. Chae-rim alivuta kiti.

"Bi. Tak, Linux umeijaribu lini? Kibodi si iko Seoul?"

"Kula tambi zako, zinapoa."

"Sikuulizi habari za tambi. Na yule dada yako wa persimoni je? Yeye si ndiye anayeitumia?"

"Ulitaka nifanye nini? Nimwambie 'bosi, umekosea' mbele ya watu wa mahakama? Kesho yake mngeniita mama mkwe wa ofisi."

"Tungekuita hivyo siku mbili, tukachoka. Mpigie simu basi aje na kibodi yake sasa hivi. Si anakaa hapo tu?"

"Yuko kwenye maandalizi ya sikukuu. Baada ya sikukuu nitamwita."

"Na toleo linatoka leo jioni."

"Nimehamisha mistari, Chae-rim. Sikuibuni upya. Ilikuwa inafanya kazi pale, itafanya kazi hapa."

Hivi ndivyo mtu mwaminifu anavyojidanganya. Hasemi uongo mkubwa. Anasema jambo lenye nusu ya ukweli, kisha anameza tambi juu yake.

Ukweli ulikuwa huu. Kwenye Linux ile kibodi ya zamani ilichelewa kujibu. Kwanza inaamka, halafu baada ya kitambo kidogo inataja namba yake, na kwa namba hiyo kihariri humtambua mwenyewe na kumfungulia kamusi yake. Maagizo ya zamani yalikuwa na mstari wa kungoja. Gyeong-im alipohamisha mengine yote, mstari ule ulibaki nyuma kwenye kiini, na kiini kiliposafishwa ulifutwa pamoja na takataka. Jaribio moja kwa kibodi halisi lingemwonyesha papo hapo.

Baada ya sikukuu Sun-deok aliitwa kwenye mkutano mkuu wa ushirika wa wenye nyumba ambao majengo yao yalikuwa yanataka kubomolewa yajengwe maghorofa mapya. Mikutano hiyo kila mtu anaijua: watu hupigana kwa viti, kisha hushtakiana, na kinachotafutwa mahakamani ni nani alisema nini. Ndiyo maana huitwa karani. Aliwasha kompyuta, kihariri kikajisasisha, kibodi ikaamka. Lakini iliamka bila jina. Kihariri kikadhani ni karani mgeni asiye na kitu, kikamfungulia kamusi tupu, kikaihifadhi mahali pa ile ya zamani, kisha kikapeleka nakala kwenye seva ya kampuni, kwenye akaunti ya kompyuta ile, kama kinavyofanya kila asubuhi. Na ili kubana matumizi, kampuni iliweka nakala moja tu kwa kila mteja.

Mwenyekiti alianza kusema, wapinzani wakaanza kupiga kelele, na Sun-deok akapiga vifupisho vyake. Kiooni zilitokea herufi zilizotapakaa.

"Wewe mama, unaandika au unatwanga?" mtu mmoja alimpigia kelele kutoka safu ya mbele. "Huyu ndiye tuliyeletewa na mwenyekiti? Hata kuandika hajui!"

Sun-deok alitoka ukumbini, simu mkononi.

"Gyeong-im, vifupisho vyangu havipo."

"Vipi havipo? Funga, fungua tena."

"Nimefunga, nimefungua. Panasema: karibu, mtumiaji mpya. Mimi ni mtumiaji mpya?"

Gyeong-im alielewa kabla ya simu kukatwa. Alikwenda kwenye seva, akakuta nakala iko, ya asubuhi ileile, na ndani yake hamna neno hata moja. Jioni alikwenda kuichukua kompyuta ya Sun-deok. Kwa siku kadhaa aliichokoa diski akitafuta mabaki. Alipata vipande, maneno yasiyo na mapigo yake, mapigo yasiyo na maneno yake. Kitu cha kumrudishia mtu hakikuwamo.

Namgung alimwita chumbani, akafunga mlango.

"Bi. Tak, andika maelezo mafupi kwa wateja. Sema kuna mteja mmoja aliyetumia mfumo ambao hatuuhudumii."

"Tunauhudumia. Umo kwenye tovuti yetu."

"Leo tutauondoa humo."

"Na mimi ndiye niliyemwekea."

"Ndiyo maana nakuambia. Nakukinga wewe." Aliinama mbele. "Kikaoni nilikuuliza kama kuna mtu. Nilikuuliza au sikukuuliza?"

Alimwuliza. Kwa dhihaka, kwa kutaka kuchekesha wageni, lakini alimwuliza, na jibu lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Gyeong-im hakuandika yale maelezo. Aliandika mengine, ya kweli, yenye jina lake chini: nilisema nimejaribu, sikujaribu. Bw. Seonu aliyasoma, akasema ni mwanamke mwenye heshima, akaamuru yasitumwe. Gyeong-im naye hakuyatuma. Heshima aliyosifiwa aliirudisha mezani kwake akaendelea na kazi.

Alikwenda kwa Sun-deok kwa miguu. Sun-deok alimfungulia, akamkaribisha kwenye sakafu inayopashwa joto kwa chini, akaleta chai ya shayiri. Alisikiliza yote: mstari wa kungoja, kibodi iliyokuwa Seoul, kikao.

"Kwa hiyo walipouliza kama kuna mtu," alisema Sun-deok, "ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna."

"Nilikuwa nyumbani nakunja keki za mchele. Ungenipigia ningekuja na unga mikononi."

"Najua, dada."

"Ulimwonea haya yule kijana."

"Sikutaka aaibike mbele ya wageni."

"Basi nimeaibika mimi." Alikisogeza kikombe cha mgeni karibu zaidi, kwa adabu, kama anavyofanyiwa mtu ambaye hatarudi. "Kunywa. Ukimaliza, nina shughuli."

"Nitakusaidia kuijenga upya. Nitakuja kila Jumapili. Wewe unitajie, mimi niingize."

"Nikutajie nini? Kichwani sinavyo. Vinakuja mtu anaposema. Mkono unakwenda wenyewe." Aliinua mikono akaitazama. "Bado unakwenda. Juzi mwanamke wa redio alikuwa anasema, mkono ukaenda mezani. Hamna kitu upande wa pili."

Alijaribu hata hivyo, peke yake, wala hakumwita mtu. Ofisi ya unukuzi iliyo mkabala na mahakama ilimpa kazi mbili, akachelewa zote mbili. Ya tatu ilikwenda kwa msichana aliyetoka chuoni. Ule ushirika wa wenye nyumba ulimdai fidia ya mkutano usio na kumbukumbu. Sasa anapanga vyakula kwenye duka la vibweta vya chakula cha mchana karibu na stesheni. Anasema kazi si mbaya.

Toleo lile la kihariri linatumika mpaka leo, na makarani wanalisifu. Kila mfumo unaamsha kibodi yake, na mtu akirekebisha mmoja haharibu mwingine. Mstari wa kungoja ulirudishwa kwenye faili lake siku ileile. Namgung Hwi amepandishwa cheo. Gyeong-im bado yuko meza ileile, na vijana wapya humwita mama kwa upendo, kwa kuwa hampingi mtu.

Watu husema alikuwa mpole mno. Upole unaolipiwa na mtu asiyekuwapo chumbani si upole. Ni woga uliovaa nguo safi, na kwetu umevaa nguo hizo kwa muda mrefu hata watoto wetu tunawafundisha woga huo.

Neno moja, "haina," lilimgharimu Ma Sun-deok kamusi yake yote na kazi aliyoifanya maisha yake yote. Lilimgharimu Tak Gyeong-im mtu pekee ambaye yeye alimwita dada. Namgung Hwi, ambaye ilihofiwa ataaibika, halikumgharimu kitu.